Bao na Kumbukumbu za Wazee: Somo kutoka Mara

Bao ni mchezo usiohitaji umeme wala intaneti. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Mchezaji hulazimika kuhesabu, kukumbuka na kubashiri nia ya mwenzake.

Mkoani Mara mchezo huu unaheshimika. Husimuliwa kwamba Julius Nyerere, alipokuwa mtoto Butiama, alicheza soro, mchezo wa jamii ya bao, na mtemi wa Ikizu, eneo lililomo Bunda. Mtemi alipouona wepesi wa akili yake, alimshauri Mzee Burito ampeleke mwanawe shuleni. Mwaka 1934 Nyerere alianza masomo Mwisenge, Musoma. Mtemi alitambua akili ya mtoto ubaoni. Mhudumu wa afya naye aweza kutambua mengi hapo hapo.

Je, mchezo hukinga ubongo?

Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wazee 469 wa New York, wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Waliocheza mara kwa mara michezo ya ubaoni, kama sataranji na drafti, walipatwa kwa uchache zaidi na dimensia, yaani kudhoofu kwa kumbukumbu na fikra hadi mtu ashindwe kuendesha maisha yake. Hata hivyo, matokeo hayo hayathibitishi kuwa mchezo ni kinga. Huenda aliyeanza kudhoofika aliacha kucheza kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Kuacha mchezo kama dalili

Vipimo vingi vya kumbukumbu hudai kusoma na kuandika, bao halidai. Kwa hiyo inafaa mzee aulizwe zahanati: “Bado unacheza bao? Kama umeacha, ni kwa nini?” Alinganishwe na alivyokuwa yeye mwenyewe, si na wengine. Jibu halitoshi kuthibitisha ugonjwa, bali huonyesha pa kuanzia uchunguzi. Huenda macho yana mtoto wa jicho, vidole vinauma, masikio hayasikii vema, au sonona imemwondolea hamu. Matatizo hayo yana msaada, na si haki kuyaita uzee tu. Akichanganyikiwa katika hesabu aliyoizoea, kumbukumbu ipimwe na dawa anazotumia zipitiwe.

Mkono ukilegea ghafla ubaoni, uso ukapinda au maneno yakakwama, hicho chaweza kuwa kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama dalili zimepungua.

Ushauri kwa wachezaji

Kukaa muda mrefu hudhuru. Mchezaji ainuke na kutembea kidogo baada ya kila mchezo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa wiki au zaidi. Anayetumia dawa za shinikizo la damu asipitishe saa ya dawa kwa sababu ya bao. Mvuvi wa dagaa afanyaye kazi usiku asiutoe usingizi wake wa mchana kwa drafti. Pesa isiwekwe ubaoni, maana kamari hugeuza burudani kuwa mzigo wa familia.

Bao si dawa. Hata hivyo humkutanisha mzee na wenzake, na hao ndio huwa wa kwanza kuona anapobadilika. Wakiona hivyo, wasimcheke, wamsindikize zahanati.