Anasa ya Ngozi Haipiti Njia ya Panya: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Huku kwetu Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hakuna theluji, lakini ngozi inapata taabu yake. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo mkavu unabeba vumbi la matrela yaliyopanga foleni kuelekea Malaba. Ifikapo Julai, asubuhi zikipoa kidogo, watu wanaoga maji ya moto kupita kiasi na kutoka bila kujipaka chochote. Matokeo ni yale yale: mikono iliyopauka, midomo iliyochanika, visigino vyenye magaga. Kisha mtu anavuka kwenda Busia ya upande wa Uganda kutafuta krimu ya kulainisha, anarudi na sumu ndani ya kikopo kizuri.

Nimehudumia ngozi za wanawake kwa miaka mingi katika chumba kidogo cha nyumbani kwangu. Nina neno moja tu: anasa ya ngozi ni maji ya vuguvugu, mafuta safi na saa moja isiyo na mtu wa kukuita. Weupe haumo. Yafuatayo ni masharti. Usichague moja ukaacha jingine.

UNAPONUNUA

Fanya: Nunua moo yaa. Hayo ni mafuta ya mti wa shea, ambao Wateso wanauita ekungur. Yanatoka Lango, Acholi, West Nile na Teso ya Uganda, ambako wanawake huokota matunda yaliyodondoka, hukausha kokwa, huzisaga na kuzitoa mafuta. Shea ya Afrika Mashariki ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa sababu ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, ndiyo maana inalegea mara inapogusa mwili. Bidhaa ambayo wanawake wa Ulaya huinunua kwa vikopo vidogo na kwa bei kubwa wakati wa baridi yao, wewe inapita mbele ya mlango wako ndani ya beseni. Unapishana nayo ukienda kutafuta kopo lenye picha ya mwanamke mweupe. Penye miti hapana wajenzi.

Fanya: Yajaribu kabla ya kulipa. Mama ninayenunua kwake huchota kwa ncha ya kijiko, akaniwekea donge la ukubwa wa punje ya mahindi nyuma ya mkono, kisha akanyamaza. Tunangoja. Kabla sijamaliza kumuuliza habari za watoto, donge limelegea, limeng'aa, na nikilisugua kwa kidole linaingia bila kuacha chembe. Harufu ni ya njugu, rangi ni ya krimu au manjano hafifu. Yakikaa yameganda kama mafuta ya kupikia, au yakinuka uchachu, mshukuru muuzaji na uondoke.

Usifanye: Usinunue krimu isiyo na lebo, wala ile iliyokorogwa dukani mbele ya macho yako. Huo ndio mkorogo, hata ukiitwa jina gani. Kijana akikufuata kutoka stendi na mfuko mweusi, akikunong'oneza kwamba hii itakutoa rangi kwa siku saba, mwache aende zake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nasema haya kwa uchungu wa mwenye kuumia. Niliwahi kununua kikopo cha namna hiyo kwenye kibanda kimoja, nikiamini ni mafuta ya kulainisha uso. Wiki ya kwanza niling'aa na watu wakanisifu. Nilipoacha kupaka, uso ulivimba, ukawaka kama umepakwa pilipili, ukatoka vipele nisivyowahi kuviona hata nikiwa msichana. Daktari aliniambia mle ndani mlikuwa na dawa kali ya steroidi. Miezi minane nilitembea na leso usoni.

Fanya: Soma lebo yote, hata maandishi madogo. Ukiona neno mercury au calomel, hiyo ni zebaki. Ukiona hydroquinone, rudisha. Ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi, dawa za hospitali zinazotolewa kwa maagizo ya daktari na kwa muda maalumu. Na ukikuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha wala alumini, jua kwamba kuna uwezekano mkubwa ina zebaki. Kitu kisichostahili kugusa pete yako kitagusaje shavu lako?

Zebaki huharibu figo. Haibaki kwa aliyejipaka peke yake: inahamia kwenye taulo, kwenye mto, kwenye mikono ya mtoto anayemshika mama yake usoni. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu humgeuzia mtu alichokikimbia, kwa kuacha mabaka ya rangi ya buluu nyeusi mashavuni ambayo ni magumu mno kuyaondoa. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, michirizi ikatokea na kidonda kikachelewa kupona.

Usifanye: Usidhani sheria imelala. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, lilipiga marufuku krimu na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu mwaka 2001. Februari 2023 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vizuiwe katika nchi zote za Jumuiya. Mwaka huo huo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana huko Geneva kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki viondolewe kabisa kufikia 2025, bila kuacha hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kikivumiliwa.

Fanya: Kwenye bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma herufi SM, alama ya reli (#), kisha namba ya kibali kwenda 20023, upate jibu kabla ya kulipa. Ni ujumbe mmoja wa simu.

Usifanye: Usivushe mafuta kwa njia ya panya. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018, na utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya unamhudumia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza dirishani kama mzigo wako umo. Anayepitisha ndoo yake usiku shambani mwa watu anapita na wenye mifuko myeusi, na mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha.

UNAPOANDAA CHUMBA

Fanya: Chagua jioni moja kwa wiki na uwaambie watu wa nyumbani. Andaa mabeseni mawili, taulo safi, leso kuukuu ya kujifunika, dodoki au kitambaa laini, na mafuta yako kwenye kibakuli. Osha mikono na ukate kucha. Chota mafuta kwa kijiko kikavu, kwa maana kidole chenye maji huharibu kopo zima.

Usifanye: Usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga mlango na dirisha, hata kama ni Julai na mvua inanyesha, hata kama unataka kujifukiza. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, haamki. Chemshia maji nje, uyalete ndani.

Na ukiwa hapo jikoni, ujue unachochoma. Mti wa shea huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na mingi imekatwa ikawa makaa. Mei 2023 Rais wa Uganda alitoa amri ya kukomesha uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi hiyo. Gunia linalovushwa kinyume cha amri hiyo huenda ndani yake mna mafuta ya mjukuu wako.

UNAPOOGA

Fanya: Tumia maji ya vuguvugu. Yapime kwa kiwiko, kama unavyompimia mtoto mchanga. Dakika 10 zinatosha.

Usifanye: Usioge maji yanayotoa mvuke mwingi. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayoziba nafasi kati ya chembe na chembe. Maji ya moto huyaondoa, unyevu ukatoroka, na mpauko unaouona baada ya nusu saa ndio matokeo.

Usifanye: Usijisugue mwili mzima kwa sabuni ya kipande ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali na ngozi inataka uchachu kidogo ili ijilinde. Sabuni ya kuogea ipake kwapani, kwenye mapaja, miguuni na penye uchafu. Kwingineko maji yanatosha kiangazi kikiwa kikali.

UNAPOSUGUA

Fanya: Changanya vijiko viwili vya sukari laini na kijiko kimoja cha moo yaa. Miwa tunayo mashambani, sukari haituishii. Sugua kwa mizunguko ya polepole kwenye viwiko, magoti na miguu, mara moja kwa wiki. Uso uuachie asali kidogo kwa dakika 10, kisha uoshe.

Fanya: Kitu kipya chochote kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, usubiri siku moja. Ukitumia shubiri ya uani, acha utomvu wa manjano uchuruzike wote kabla ya kuchukua ute, kwa sababu ule wa manjano huwasha.

Usifanye: Usipake ndimu wala limau usoni. Jua likipiga ngozi yenye maji ya ndimu, huungua na kuacha mabaka. Dawa ya meno, magadi na dawa ya kung'arishia nguo vibaki kwenye kazi zake.

Usifanye: Usikwangue visigino kwa wembe. Loweka miguu dakika 15, sugua kwa jiwe la miguu, kausha hadi katikati ya vidole. Mwenye kisukari aioneshe miguu yake hospitalini kabla ya kusugua chochote, kwa sababu anaweza kujikata asihisi.

UNAPOPAKA

Fanya: Paka mafuta ndani ya dakika tatu baada ya kutoka majini, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji, yanayafungia. Ukijikausha kabisa, ukatembea, ukapokea simu, ndipo upake, unafungia ukavu. Yayeyushe kwanza kati ya viganja, kisha ukandamize. Usiku vaa soksi za pamba juu ya miguu iliyopakwa.

Usifanye: Usidhani moo yaa inakinga jua la mchana. Vaa kofia pana, beba mwavuli. Watu wenye ualbino wanahitaji losheni maalumu ya jua, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiigawa kupitia hospitali za serikali. Waifuate, ni haki yao.

UNAPOONA ALAMA

Fanya: Ukiona baka lililopauka au lenye wekundu ambalo halihisi ukiligusa kwa unyoya, nenda hospitali kesho asubuhi. Sisi wa Busia hatuna kisingizio: Alupe iko hapa hapa, mahali palipojulikana miaka mingi kwa matibabu ya ukoma na utafiti wa magonjwa ya ngozi. Ukoma unatibika kwa dawa za mchanganyiko, na Shirika la Afya Duniani limewezesha zitolewe bure tangu 1995. Anayewahi hapati ulemavu.

Usifanye: Usifunike baka kwa krimu. Usipake steroidi kwenye choa, maana kitatulia siku mbili kisha kitatambaa. Upele unaowasha usiku na kushika nyumba nzima unahitaji dawa ya nyumba nzima, si mafuta.

Usifanye: Ikiwa umetumia krimu ya kung'arisha kwa miezi mingi, usijitibu peke yako na usione haya. Beba kopo lenyewe umwoneshe daktari. Mimi nilichelewa kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyonigharimu kuliko kikopo.

SHARTI LA MWISHO

Fanya: Ukishamaliza kujihudumia, maji ya beseni la pili yakiwa bado ya vuguvugu, mwite aliye mkubwa nyumbani. Kwangu ni Kukhu, bibi yangu. Miguu yake imebeba vikapu vya nyanya na mafungu ya omena kuvuka mpaka huu tangu siku za baiskeli za bodaboda, na magaga ya visigino vyake yameingia ndani kama nyufa za udongo wa Januari. Mara ya kwanza alikataa, akasema hayo ni mambo ya wasichana. Nikamwosha, nikamkausha, nikayeyusha mafuta viganjani na kuyakandamiza kwenye kila ufa hadi yakanywewa. Alitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akaniambia nipake tena, kile cha kushoto bado.

Usifanye: Usimharakishe. Hiyo saa ni yake.