SOMO: KUBADILISHA UBAO WA NYUMA ULIOOZA KWENYE BOTI NDOGO YA ALUMINI



Wengi wetu hudhani kwamba boti ya alumini haiozi. Bati lenyewe kweli halizi, lakini nyuma ya boti, sehemu ambayo mabaharia huiita tezi, boti nyingi ndogo zina ubao mnene. Ubao huo ndio unaobeba mashine. Mashine ya nguvu za farasi 15 huwa na uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi, na boti inapokwenda msukumo wote hupitia hapo. Ubao ukioza, bati hupinda, ribiti hulegea, na mwishowe mashine yaweza kung'oka na kuzama. Kama ndani yumo mama mjamzito anayevushwa kwenda kujifungua, hilo si jambo la fundi peke yake. Linaihusu kamati nzima.

Kwa nini ubao huoza

Kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 20 ndani ya mbao. Maji huingia kupitia matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri na kwenye ukingo wa juu. Kwa kuwa ubao umebanwa na mabati, haukauki upesi. Tena ubao wenye maji hudhuru alumini iliyougusa: bati hutoka vishimo na unga mweupe.

Dalili za kutazama

• Ukigonga kwa nyundo, sauti ni nzito na haina mlio.
• Bisibisi huzama kwenye ubao bila kutumia nguvu.
• Mashine ikiwa imeinuliwa, ukiitikisa kwa kushika mguu wake, sehemu ya nyuma ya boti hucheza.

Dalili moja tu yatosha kusimamisha safari mpaka boti ikaguliwe.

Hatua za kazi

1. Ondoa mashine na bolti zote zinazoshika ubao. Piga picha au chora kila tundu kabla ya kufungua.

2. Toa ubao wa zamani, ukijitahidi usivunjike. Huo ndio kipimo cha ubao mpya. Ukiwa umevunjika, kata boksi kwa umbo la nafasi ile.

3. Safisha bati kwa brashi isiyo ya chuma cha kawaida. Tazama nyufa na vishimo. Bati lililotoboka lizibwe na fundi wa kuchomelea alumini kabla ya kuendelea.

4. Chagua plaiwudi iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Ile ya kumwagia zege haifai, hata kama muuzaji anaiita ya majini. Ndani yaweza kuwa na mianya. Pia usitumie mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kwa sababu shaba na unyevu hula alumini.

5. Pima unene wa ubao wa zamani, ufuate huo huo. Mara nyingi ni milimita 38 hivi, unaopatikana kwa kugandisha vipande viwili kwa gundi ya epoksi. Vibane kwa kiasi; ukikaza mno, gundi yote hutoka na kiungo hubaki dhaifu.

6. Toboa matundu makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi, na ikikauka yatoboe tena kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti haitagusa mbao. Kisha paka ubao wote epoksi mara tatu, hasa kingo zake. Fundi avae glovu na afanyie kazi mahali penye hewa.

7. Rudisha ubao, paka gundi ya kuziba maji kwenye kila tundu, na ufunge kwa bolti za chuma kisichoshika kutu zenye washa pana.

8. Jaribu boti karibu na ufuko bila abiria. Kaza bolti tena baada ya safari chache za kwanza.

Kwa Tanzania Bara, ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC. Tunashauri mkaguzi aione boti kabla haijarudi kubeba watu.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Maandiko mengi ya miradi hutaja boti, mashine na makoti ya kujiokolea. Fungu la matengenezo husahauliwa. Kipande cha plaiwudi, kopo la epoksi na bolti kadhaa ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mashine iliyozama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaomba kila kamati itenge sehemu ya nauli kwa matengenezo tangu safari ya kwanza, na wafadhili wakubali fungu hilo liandikwe waziwazi katika bajeti.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani katika kamati yetu anayekagua ubao wa nyuma, na mara ngapi kwa mwaka?
2. Je, nahodha ana ruhusa ya kukataa safari akiona dalili, hata kama kiongozi anasubiri kuvushwa?
3. Fedha za matengenezo zimewekwa wapi, na nani anaweza kuzitoa haraka?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, yasomwe tena robo mwaka ijayo.