Grainda Inayokula Upepo

Ukipita Kileleshwa siku hizi utaona magorofa yameota mahali pa zile nyumba za zamani zenye bustani. Ndani yake jikoni ni za graniti tupu. Je, umewahi kujiuliza graniti hiyo hung'arishwa kwa chombo gani? Mimi sikuwa nimejiuliza hadi mjomba wangu aliporushwa na stima.

Alikuwa akisugua kaunta kwa grainda ya umeme. Graniti husuguliwa kwa maji, maana vumbi lake lina silika inayotia mapafu makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Basi maji yakaingia kwenye mashine, waya nao ulikuwa umechubuka. Mjomba alitupwa ukutani, kiganja kikaungua. Alipopona alichukua pesa za chama akanunua grainda ya upepo. Likizo ya Agosti nikaenda naye kumshikia paipu.

"Mjomba, upepo mtupu utasagaje jiwe?"

"We, hujawahi kusikia gurudumu la lori likipasuka?"

Kompresa huvuta hewa na kuishindilia tangini hadi mshale wa geji ufike 90, yaani paundi 90 kwa kila inchi ya mraba, kama mara sita ya kanieneo ya hewa kule Mombasa. Hewa hupita kwenye paipu hadi ndani ya grainda. Humo mna silinda, na ndani ya silinda mna rota iliyowekwa upande, si katikati. Rota ina mifereji, na katika kila mfereji kuna kibapa kinachotoka na kuingia. Hewa hukisukuma kibapa kuelekea penye nafasi kubwa, rota inazunguka, kibapa kingine kinashika zamu, na hewa iliyochoka inatoka ikipiga mluzi. Umeme haupo hapo kabisa. Kompresa iko mbali, pakavu. Ukiikandamiza sana husimama tu, haiungui. Tena huwa baridi mkononi, kwani hewa iliyobanwa ikitanuka hupoa.

Ya mjomba huzunguka kama mara 4,000 kwa dakika, maji yakipita katikati ya diski. Huanza na diski namba 50, akapanda taratibu hadi 3,000, na hapo waweza kujiona uso. Zile ndogo za gereji, za kulainisha palipochomelewa, hupita mizunguko 20,000. Lakini bingwa yuko kwa daktari wa meno! Kile kidude kinacholia mdomoni mwako huendeshwa na hewa pia, ila kwa kigurudumu chenye mapanga. Kule Marekani kilifika mizunguko 300,000 mwaka wa 1957.

Kasoro yake ni ulafi. Kompresa ndogo huishiwa haraka, nasi tukakaa kungoja tangi lijae. Tena Nairobi iko juu, kama mita 1,700, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kujaza huchukua muda zaidi. Stima ikipotea, kazi imelala.

Kila asubuhi grainda hutiwa matone ya mafuta, na tangi hufunguliwa chini kutoa maji yanayotokana na unyevu wa hewa. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Siku ya tatu nilisahau, na grainda ikatema maji ya kutu juu ya kaunta nyeupe ya watu. Mjomba hakusema neno. Alinitupia kitambaa tu.