Kisu cha kukunja kwa kazi za bahari: tazama bawaba kabla ya makali

Mtu akikabidhiwa kisu cha kukunja dukani, la kwanza analofanya ni kupitisha kidole gumba kwenye makali. Hapo amepima kitu ambacho kinoo kitakibadilisha kwa robo saa. Makali yananoleka. Bawaba mbovu hainoleki wala komeo legevu halinoleki, na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama vidole vyako vitarudi nyumbani salama.

Naishi Amani, mitaa ya nyuma ya uwanja wa mpira, na riziki yangu iko kwenye boti. Tunatoka Fumba kuingia ghuba ya Menai, tunapeleka watu kisiwa cha Kwale na kwenye mafungu ya mchanga, na wageni wakipungua nashika kazi za uvuvi. Kisu changu kinakata kamba ya nailoni iliyolowa, kinatumbua samaki, kinachonga vijiti vya kutengenezea dema, kinachuna mpira wa waya wa betri. Hakuna hata moja katika kazi hizo inayohitaji ubapa mnene. Zote zina maji ya chumvi na mchanga. Ukisoma ushauri wa Wazungu utakuta kwao kisu kigumu ni kile cha kupasulia magogo porini kwenye theluji. Sisi kuni tunapasua kwa shoka na panga, na aliyetengeneza kisu chenye mgongo wa milimita tano hakuwahi kutakiwa akate papai nacho.

Kwa hiyo naanza na komeo, yaani kile kinachoshikilia ubapa usijifunge wenyewe. Chukua kazi moja tu. Kusi limekaza, boti imenasa kamba ya dema lililopotea na propela imejiviringa nayo. Unazima mashine, unainyanyua, unalala kifudifudi nyuma ya boti, mkono mmoja umeshika ukingo. Ile kamba haikatiki kama kamba: imezunguka kwa nguvu mpaka nailoni imepata moto, ikayeyuka na kushikamana ikawa bumba gumu jeupe. Unachomeka ncha chini yake, unavuta. Ubapa unakwama. Ili kuuchomoa unausukuma kwa nyuma, na hapo ndipo mgongo wa kisu unapobebeshwa nguvu upande ambao kisu hujikunjia. Vidole vyako viko palepale kwenye mfereji ambamo ubapa unalala. Kisu kisicho na komeo kitajifunga juu yao.

Ndiyo maana kile kisu chekundu cha Uswisi cha Victorinox, kampuni iliyoanza mwaka 1884, nakipenda kwa bisibisi, kifungua kopo na mkasi wake, lakini kile kidogo cha mfukoni kinazuiwa na springi tu. Hakina komeo. Kiache nyumbani kifanye kazi za nyumbani. Kampuni hiyohiyo inatengeneza na vikubwa zaidi vyenye komeo, ukitaka kubaki na jina hilo.

Makomeo unayoyakuta kwa wauzaji wetu ni ya namna chache. Kuna la ulimi, ambapo bati jembamba ndani ya mpini linaruka na kusimama nyuma ya kisigino cha ubapa. Kuna la mgongo, ambalo unalifungua kwa kubonyeza upande wa nyuma wa mpini. Buck wa Marekani ndio waliolipa umaarufu kwa kisu chao namba 110 mwaka 1964. Yote mawili yanafaa yakitengenezwa vizuri, na yote mawili yana adui mmoja. Chembe ya mchanga ikikaa pale jino linapoingia, komeo halizami mpaka mwisho. Unasikia "tap" badala ya "tak". Sikio likishazoea, halikosei.

Kwa sababu hiyo nataka mpini ulio wazi nyuma. Kikunje kisu, kielekeze juani, uchungulie katikati ya mbao mbili za mpini. Ukiona mwanga upande wa pili, maana yake maji yatapita na mchanga utatoka. Ukiona kumezibwa kwa plastiki, utakuwa unafuga uchafu wa baharini humo ndani.

Upimaji wenyewe unaufanya palepale kwenye meza ya muuzaji, na asikuharakishe. Fungua kisu taratibu. Shika ncha kwa vidole viwili, itikise kushoto na kulia. Mchezo kidogo hapo si neno ikiwa bawaba ni ya skrubu, utaukaza. Halafu itikise juu na chini, yaani kwenye njia ya kujikunja. Mchezo wowote hapo ni wa komeo, na huo hauna skrubu ya kukaza: rudisha kisu mezani. Kikipita, shika mpini kwa kubana mbavu zake, vidole vyote vikiwa nje ya mfereji, ugonge mgongo wa ubapa kwenye soli ya kiatu. Si kwa hasira, kama unavyobisha hodi. Kikilegea hapo hapo, muuzaji mwenyewe atanyamaza. Nimewahi kuambiwa, "Yakhe, hiki original, usikigonge." Basi kama ni orijino kwa nini kisigongwe?

Skrubu zenyewe nyingi siku hizi zina tundu la nyota, na watu wanadhani bisibisi yake ni ya kuagiza Ulaya. Nenda kwa fundi simu yeyote Darajani, anazo bisibisi za nyota ndogondogo za kila saizi. Kisu kinachofunguka chote, ukasafisha, ukarudisha, kinaishi kuliko cha ribiti. Cha ribiti kikilegea dawa yake ni nyundo tu, na nyundo ikizidi kidogo kisu hakifunguki tena.

Sasa nije kwenye Okapi, maana nikiiruka wazee watanilaumu. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao Afrika, na bara yetu hapo ng'ambo ilikuwa mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndio kwanza wamemtambua mwaka mmoja nyuma. Tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao umepambwa kwa mwezi na nyota za madini, ubapa mwembamba mrefu, na mgongoni kuna pete. Ukikifungua kinalia krr-krr-krr, jino kwa jino, na hakirudi mpaka uvute pete. Ni komeo la kijinga kwa maana nzuri ya neno: unaliona lote kwa macho, mchanga ukiingia unauona, unaosha, kwisha. Ubaya wake ni wa namna mbili. Wakati mwingi ubapa una mchezo tangu kikiwa kipya. Na chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka upesi na kinakata vikali, lakini kilaze usiku mmoja na maji ya bahari asubuhi kimevaa kutu ya rangi ya chungwa. Kwa mkulima wa Donge au Mahonda ni kisu kizuri na cha bei ya mtu wa kawaida. Kwa baharia ni mtihani.

Opinel ya Ufaransa, inayotengenezwa tangu 1890, nayo ina komeo unaloliona: pete ya chuma inayozungushwa shingoni, waliyoiongeza mwaka 1955. Nyepesi, inakata kama wembe. Lakini mpini ni wa mti, na mti ukinywa maji unavimba unaubana ubapa humo ndani. Mkono umelowa, kisu hakifunguki, na kukifungua kunataka mikono miwili. Naitumia kwa embe na mkate.

Chuma kinaleta ubishi kuliko mpira wa Simba na Yanga. Maelezo yangu ni mafupi: kromiamu ndiyo inayozuia kutu, na chuma kikiwa nayo kuanzia kiasi cha asilimia 11 huitwa cha kutoshika kutu. Jina hilo lilitolewa na watu wa nchi kavu. Chumvi haili chuma hicho sawasawa kama inavyokula msumari. Inatoboa vijitundu vidogo vyeusi, na hasa inaanzia pasipoonekana, kwenye bawaba. D2, ambayo Wachina wanaipenda na wauzaji wa mtandaoni wanaisifia, ina kromiamu ya kiasi cha asilimia 12, lakini sehemu kubwa imeshikwa na kaboni ambayo nayo imejaa humo. Inashika makali muda mrefu, na inashika kutu. Kipo chuma cha Kijapani, H1, ambacho badala ya kaboni wamekitilia naitrojeni. Spyderco walikitumia kwa miaka mingi kwenye visu vyao vya baharini. Hicho kweli bahari haikiwezi. Makali yake laini hayadumu sana, kwa hiyo chagua chenye meno, ambayo kwenye kamba yanafanya kazi nzuri kuliko makali ya kunyooka. Bei yake ni ya mtu aliyetumiwa na ndugu yake Muscat.

Tulio wengi tunabaki na chuma cha kutoshika kutu cha kawaida, cha ugumu wa kiasi cha 56 mpaka 58 kwa kipimo cha Rockwell. Kinatosha. Kigumu zaidi ya hapo kitakuchosha kukinoa kwa kinoo cha nyumbani, na ncha yake ukiipindishia kwenye mwamba itakatika kabla haijapinda. Neno "Stainless" lililopigwa chapa kwenye ubapa lisikubabaishe, chapa haigharimu kitu. Paka chumvi na ndimu sehemu ndogo karibu na kisigino, ukiache mpaka kesho, kisu chenyewe kitakwambia.

Urefu: upana wa kiganja chako unatosha. Mpini uwe na mikwaruzo ya kushika hata ukiwa na mafuta ya jodari mkononi, na kifunguke kwa mkono mmoja, kwa kitufe au tundu kwenye ubapa ambalo kidole gumba kinalipata bila kutafuta. Kijaribu ukiwa umelowesha mkono. Muuzaji ana chupa ya maji ya kunywa, muombe.

Na kuna kazi za kukinyima. Dafu ni la panga. Nazi ni ya kifuo. Usikipige nyundo mgongoni, usikitumie kubandua chaza kwenye jiwe, usikifanye mtaimbo. Kila kisu cha kukunja kimevunjwa katikati tangu kiwandani, kisha kikaungwa kwa pini moja. Ukikigeuza mtaimbo unaipa pini hiyo kazi isiyo yake. Anayeshinda mwambani akitafuta pweza wakati wa bamvua anahitaji kisu cha ala, cha kipande kimoja, na nitamwambia hivyo hata kama amekuja kuniuliza cha kukunja.

Nikirudi jioni kisu kinaingia kwenye kopo la maji ya bomba kikiwa wazi. Nakifungua na kukifunga ndani ya maji, nakipulizia bawaba, nakianika juani mpaka kikauke kabisa, halafu tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya nazi yanafaa kwenye ubapa, kwa kuwa unakata nao chakula, ila kwenye bawaba yanaganda na kukusanya vumbi. Baadhi ya mabaharia wanapaka grisi ya mashine, na mchanga unaipenda grisi hiyo kuliko wao.

Siku ya mechi kiache nyumbani, mlangoni uwanjani hutapita nacho, na kwenye ndege kiweke kwenye begi la kukabidhi. Hifadhi ya Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, miti yake si ya kuchonga vijiti vya dema.

Mwisho wa mpini tafuta tundu la kamba. Pitisha uzi wa nyavu, piga fundo, uutie boya dogo la nyavu, na ulijaribu kwanza kwenye ndoo ya maji nyumbani. Kikizama, ongeza la pili.