SOMO LA ROBO HII: Anaposhitakiwa Mtu kwa Kuharibu Mali, Wakili Anafanya Nini?



Katika masomo yaliyopita tulizungumzia wosia, mirathi na hati za kimila. Safari hii tunaingia mahakamani, upande wa jinai. Sababu ni kwamba migogoro ya ardhi na ya mifugo inayofika mezani kwa idara yetu mara nyingi haifiki ikiwa migogoro ya ardhi. Inafika mtu akiwa tayari ameshikwa, na kosa lililoandikwa ni "kuharibu mali kwa makusudi".

Tuchukue mfano. Mambo yake tumeyachanganya kutoka mashauri zaidi ya moja ili mtu asitambulike. Mama mjane anaishi katika kihamba alichoachiwa na mumewe. Shemeji yake anaweka uzio wa seng'enge katikati ya shamba na kupanda migomba upande wake. Mama anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mara mbili, hapati jibu. Asubuhi moja anang'oa nguzo na kukata migomba kumi na miwili. Jioni yake yuko kituo cha polisi. Na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba mlalamikaji na mshitakiwa ni washarika wa mtaa mmoja, wanashiriki meza moja.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu kilichozoeleka kama cha 326, inasema anayeharibu mali kwa kukusudia na isivyo halali ametenda kosa, na adhabu yaweza kufikia kifungo cha miaka 7. (Namba za vifungu tunazitaja zilivyozoeleka, katika toleo jipya la sheria zaweza kutofautiana, kwa hiyo mwombeni wakili awaonyeshe.) Miaka 7 kwa nguzo na migomba! Ni kweli mahakama mara nyingi hutoa adhabu ndogo kuliko hiyo, lakini mwenye watoto wanne nyumbani hawezi kulala kwa kutegemea "mara nyingi".

Sasa someni tena maneno ya kifungu hicho polepole. Hayasemi tu "anayeharibu". Yanasema kwa kukusudia, na yanasema isivyo halali. Ng'ombe waliokatika kamba usiku wakaingia kwenye mahindi ya jirani wameleta hasara, na hasara hiyo yaweza kudaiwa kwa njia ya madai, lakini mwenye ng'ombe hakukusudia. Mchungaji aliyewaswaga mchana kweupe huku akionywa, huyo ni habari nyingine. Upande wa mashitaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha yote mawili, tena bila kuacha shaka la msingi. Mshitakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inamlinda hapo.

Kuna kifungu kingine ambacho wajumbe wengi hawajawahi kukisikia, nacho ni cha 9 cha Kanuni hiyohiyo. Kinasema mtu hawajibiki kwa jinai katika kosa linalohusu mali ikiwa alitenda kwa kudai haki yake kwa uaminifu, bila nia ya kulaghai. Kwa mama wa mfano wetu, hapa ndipo penye moyo wa utetezi. Mahakama haiulizi kwanza kama madai yake juu ya kihamba yangeshinda mbele ya baraza la ardhi. Inauliza kama aliamini kwa dhati kwamba shamba ni lake. Yaweza kuwa amekosea kuhusu mpaka, na bado asiwe mhalifu. Ila tusikidanganye kifungu hiki. Kama baraza lilikwisha kuamua kwamba sehemu ile ni ya shemeji, na mama alikuwapo hukumu ikisomwa, ni vigumu sana kusema baadaye kwamba aliamini vinginevyo. Wala kifungu hiki si ruhusa ya kuchukua panga badala ya kwenda barazani. Wilayani Kilosa, kijijini Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, mgogoro wa wakulima na wafugaji uligharimu maisha ya watu zaidi ya 30. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba haki ni yake.

Mahakama Kuu nayo imekwisha kuonyesha njia. Katika shauri lililomo kwenye ripoti za sheria za Tanzania za 1992, lililohusu kuingia kwa jinai, ilisema mahakama ya jinai si mahali pa kuamua nani mwenye ardhi. Umiliki unaobishaniwa uamuliwe kwanza kwa njia ya madai. Mawakili huutumia msimamo huo pia katika kesi za kuharibu mali, pale kila upande unapodai shamba. Wakili akiweza kuonyesha mapema kwamba ugomvi wa kweli ni wa mpaka, shauri la jinai hupoteza miguu yake, na wahusika huelekezwa kwenye vyombo vya ardhi. Mkumbuke kwamba tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tukae kidogo kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawafunga watu wetu kuliko ushahidi wowote: neno "ni kweli".

Sisi tumelelewa kukiri. Mtoto wa kipaimara anafundishwa kwamba anayeficha dhambi zake hafanikiwi. Basi mama anasimama kizimbani, hakimu anamsomea shitaka kwamba tarehe fulani aling'oa nguzo na kukata migomba mali ya fulani, na yeye kwa unyofu anajibu, "Ni kweli." Alichokusudia ni kwamba ni kweli nilikata. Mahakama yaweza kuandika kwamba amekiri kosa, yaani amekubali pia kwamba mali ni ya yule mwingine na kwamba hakuwa na haki yoyote. Na mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe hubanwa sana kwenye rufaa. Kwa kawaida anabaki kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Kukubali tendo si kukubali kosa. Mama anaweza kusema ukweli mtupu: "Nilikata, lakini shamba ni langu na migomba ilipandwa kwangu kwa nguvu." Jibu la namna hiyo si kukiri kosa, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana ili ushahidi usikilizwe. Hapo hajadanganya mtu. Wazee wa kanisa wanaomshauri mshitakiwa "kubali tu yaishe" wana nia njema, ila hawajui wanamwingiza wapi. Ushauri huo nisingependa kuusikia tena katika mtaa wowote kabla mtu hajaonana na mwanasheria.

Vivyo hivyo polisi. Anayehojiwa akiwa chini ya ulinzi ana wajibu wa kutaja jina na anuani yake. Maswali mengine halazimiki kuyajibu. Ana haki ya kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4. Maelezo ya onyo asiyaweke sahihi wala dole gumba kabla ya kusomewa na kuelewa, kwa kuwa karatasi hiyo itasomwa tena mahakamani miezi kadhaa baadaye. Kosa hili lina dhamana, na dhamana ya polisi haiuzwi. Hapa kamati ya diakonia ina kazi ya wazi: kupata wadhamini wawili wenye barua za mtendaji siku hiyohiyo, kabla watoto hawajalala bila mama.

Wakili akishapatikana, anafanya nini zaidi ya kuvaa joho? Kwanza anaisoma hati ya mashitaka: je, mali imetajwa vizuri, mwenye mali ni nani, tarehe ni ipi. Kisha anatafuta mashahidi wa mpaka, wale wazee waliokuwapo masale yakipandwa, na karatasi zozote, hata muhtasari wa kikao cha ukoo. Barua mbili ambazo mama alimpelekea mwenyekiti wa kitongoji zina thamani kubwa, maana zinaonyesha alikuwa akidai haki yake muda mrefu kabla ya kushika panga. Halafu linakuja zoezi la tathmini. Bwana shamba ameandika migomba 60. Wakili anamdodosa: ulifika lini, nani alikuonyesha, ulihesabu mashina yaliyokatwa au uliambiwa idadi? Tumeona hesabu za namna hiyo zikiyeyuka kwa maswali matatu. Upande wa mashitaka ukimaliza na ushahidi wake ukawa haugusi kiini cha kosa, wakili anaomba mahakama ione kwamba hakuna kesi ya kujibu.

Wakati mwingine kazi yake kubwa ni kumwambia mteja ukweli asioutaka. Kama alikata akijua si kwake, ni heri kutafuta suluhu, kulipa fidia na kuomba mahakama iwapatanishe, jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa makosa yenye sura ya ugomvi binafsi. Katika mashauri tuliyoyachanganya hapo juu, yako yaliyoishia kwa mshitakiwa kuachiwa, na lipo lililoishia kwa faini na fidia.

Kesi nyingi za aina hii huanzia Mahakama ya Mwanzo. Huko kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa. Tangu 2021 wanaweza kuingia pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Pasipo hivyo, wakili bado anaweza kumwandaa mshitakiwa nje ya chumba, au kuomba shauri lihamishiwe Mahakama ya Wilaya. Wasaidizi wa kisheria tuliowafundisha mitaani wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wanaelimisha, wanaandika barua, wanaelekeza. Hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani wala kumtoza hela, na yeyote anayefanya hivyo kwa jina la kanisa aripotiwe kwetu. Kwa asiye na uwezo yapo pia mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanzishwa 1995, na kampeni ya serikali ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023.

Tarehe za rufaa ziandikwe ukutani ofisini. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufaa ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Wafadhili hutuuliza kama fedha zao zinawatetea wahalifu. Jibu letu ni kwamba zinalipia nauli za mashahidi, nakala za mwenendo wa kesi na ada ya wakili, ili hakimu asikie pande mbili. Swali gumu zaidi huulizwa na washarika wenyewe: kwa nini kanisa limsaidie mjane dhidi ya shemeji aliye mzee wa mtaa? Kumpatia mtu wakili si kusema ana haki. Shemeji naye akishitakiwa kesho, atahudumiwa kwa fomu ileile.

Maswali kwa kamati: Katika mtaa wenu, mtu akishikwa Ijumaa jioni, nani anapigiwa simu? Mjumbe anayehusiana na mlalamikaji anakaa kwenye kikao au anatoka? Na ikiwa mali iliyoharibiwa ni ya usharika wenyewe, na mshitakiwa ni kijana wa jirani asiye na hela, nani atamtafutia wakili?