Kufuli ya njano si lazima iwe shaba

Wadau, hili lilinitoka mfukoni. Niliposti kufuli "za shaba", mteja wa Kigamboni akafunga geti karibu na bahari. Haikuchukua muda akanitumia picha, kutu tupu. Nikarudisha hela. Kumbe ni chuma chenye ganda la shaba.

Sasa hivi naenda Kariakoo na sumaku. Gusisha mwili wa kufuli, sio ule upinde wa juu, huo mara nyingi ni chuma hata kwenye shaba halisi. Ikinasa, ni chuma.

Bawaba na skrubu chukua zenye zinki. Hata zikikwaruzwa, zinki huliwa kwanza, chuma kinapona. Ganda la shaba likichubuka, kutu inaanzia hapohapo, tena kwa kasi.

Kwenye tangazo naandika "chuma, ganda la shaba". Bei nashusha kidogo, na bado zinatoka.