Punda Akisusa Kula

Farasi akisokotwa na tumbo, mtaa mzima utajua: hujipiga mateke tumboni, hugaragara, hulowa jasho. Punda hana vituko hivyo. Husimama pembeni kainamisha kichwa, ananusa majani na kuyaacha, na mwenyewe husema, "Kachoka tu, jana alibeba mchanga." Usikubali maelezo hayo. Punda aliyesusa kula ni mgonjwa, na ni wa kushughulikiwa leo hii.

Haraka hiyo ina sababu yake. Punda asipokula kwa siku moja au mbili, hasa aliyenenepa au jike mwenye mimba, mwili huanza kumimina akiba yake ya mafuta kwenye damu, ini likaelemewa. Jino bovu lililomzuia kutafuna wiki hii linaweza kumuua kwa ini wiki ijayo.

Sasa, utajuaje kwamba hali ni mbaya? Mzoee angali mzima. Mpime akiwa ametulia kivulini, maana jua la mchana hupandisha joto hata la punda asiye na ugonjwa. Pitisha vidole chini ya mfupa wa taya hadi uuguse mshipa unaoteleza kama kamba, uubane kidogo, uhesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Punda mzima hukaribia mapigo 44 kwa dakika. Akipita 60 naye amesimama tu, mpigie daktari wa mifugo. Themometa ipake mafuta, ifunge uzi isije ikapotelea ndani, nawe simama ubavuni mwake, usikae nyuma ya mateke. Joto lake ni kama nyuzi 37, chini kidogo ya la farasi, kwa hiyo usimpime punda kwa kipimo cha farasi. Mfunue mdomo: fizi ziwe za waridi na zenye unyevu. Ukizibonyeza zikawa nyeupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi za zambarau ni hatari kubwa. Mwisho weka sikio ubavuni, kulia na kushoto. Tumbo zima hunguruma; tumbo lililo kimya kabisa linatisha kuliko lenye kelele.

Uso nao husema. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kipimo cha maumivu walichokitengeneza kwa kuchunguza nyuso za farasi waliohasiwa: masikio yaliyorudi nyuma, macho yaliyofinywa, taya, midomo na pua zilizokazwa. Kwa punda kitumie kwa tahadhari, lakini jicho lililofinywa lisikupite.

Wakati unamsubiri daktari, mvue shogi na kamba za mzigo, ondoa chakula, acha maji. Angalia kinyesi cha mwisho kilitoka lini na kilikuwaje, kwani utaulizwa. Akitaka kugaragara, mtembeze polepole. Akisimama kimya, mwache. Ile desturi ya kumkimbiza mgonjwa uwanjani ili "tumbo lifunguke" haina faida yoyote. Mbaya zaidi ni chupa ya mafuta ya kupikia anayomiminiwa kooni kwa nguvu: yakiingia mapafuni, umemwongezea ugonjwa wa pili. Daktari hupitisha mpira puani hadi tumboni, na hilo si la kuigwa nyumbani. Dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa.

Usimtenge na mwenzake. Punda wawili waliozoeana wakitenganishwa, aliyebaki peke yake anaweza kususa kula kwa huzuni, nawe ukawa na wagonjwa wawili. Hata akipelekwa kliniki, mwenzake aende naye.

Kinga ni kumnywesha maji safi mara kwa mara, kukaguliwa meno kila mwaka, na kutomwachia jalala. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ila kamba za nailoni na makaratasi ya vyakula bado yamezagaa, na punda mwenye njaa hachagui. Vikijisokota tumboni, mara nyingi hakuna dawa ya kuviyeyusha.

Lamu, ambako punda ndiye lori la mji, shirika la hisani la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha kutibu punda tangu 1987. Ukiwa kwingine, tafuta namba ya daktari wa mifugo wa wilaya yako leo, uiandike kwenye mlango wa banda.